Jinsi ya Kupitisha Waya wa Mtandao Katika Kuta za Nyumba

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika likizo ya mwezi wa Desemba nilikwenda Morogoro kukaa kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa nyaya. Wazazi wangu waliniruhusu kwa sharti kwamba nisikae bure, naye mjomba hakuniacha nikae bure hata siku moja. Kila asubuhi nilimbebea mfuko wa zana, na jioni nilirudi nikiwa mweupe kwa vumbi la saruji. Kwa kuwa muhula ujao Chama chetu cha Sayansi kitasaidia kupitisha nyaya za mtandao katika maktaba, mwalimu wetu mlezi ameniambia niandike yale niliyojifunza. Nitayaeleza kwa taratibu, na kosa langu pia sitalificha, maana kosa hilo lilinifunza kuliko kazi zote nilizozifanya sawasawa.

KWA NINI WAYA?

Watu wengi huuliza: Kuna haja gani ya kutoboa kuta siku hizi, na hali simu na kompyuta hupata mtandao kwa mawimbi ya redio bila waya wowote? Swali hili ni zuri. Mawimbi hayo hudhoofika kila yapitapo ukutani. Ukuta wa mbao huyapunguza kidogo, ukuta wa matofali ya saruji huyapunguza zaidi, na zege lenye nondo huyapunguza mno. Kadhalika vyombo vyote vya nyumba hugawana hewa ile ile, pamoja na vya jirani, kama watu wengi wanaosema kwa zamu katika chumba kimoja. Lakini waya ni njia ya chombo kimoja peke yake.

Nyumba tuliyoifanyia kazi ilikuwa ya bibi mmoja, muuguzi mstaafu. Mjukuu wake wa kike anasoma chuo akiwa nyumbani, kwa njia ya mtandao. Ruta ilikuwa sebuleni, mbele ya nyumba. Chumba cha yule dada kilikuwa nyuma kabisa, na baina yao kuta tatu za matofali ya inchi sita. Mtandao haukufika. Ikiwa kipindi ni cha usiku, ilimlazimu kukaa sebuleni mpaka saa tano, na wageni na redio viko papo hapo. Mtihani wake ulikuwa karibu. Ndipo bibi akamwita mjomba.

NDANI YA WAYA KUNA NINI?

Ukichuna ganda la nje la waya wa mtandao utakuta nyaya nane nyembamba za shaba, zimesokotwa mbili mbili, zikawa jozi nne. Rangi za jozi hizo ni chungwa, kijani, buluu na kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili, na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyo.

Je, kwa nini zimesokotwa? Hapa yafaa tukumbuke somo la Fizikia. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, nao hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Basi waya wa umeme ukipita kando ya waya wa mtandao huutia makelele, na makelele hayo huweza kuharibu habari zinazopita. Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule mtu wa simu, alipata hati ya uvumbuzi wa kusokota nyaya mbili za simu pamoja. Zikisokotwa, hapa waya mmoja huwa karibu na makelele, na mbele kidogo mwenzake ndiye anayekuwa karibu. Mwisho wa safari zote mbili zimepata makelele karibu sawa. Chombo kinachopokea husoma tofauti tu iliyopo baina ya nyaya mbili, na tofauti ya vitu viwili vilivyo sawa ni sifuri. Ndiyo maana fundi mwema hafumui msokoto zaidi ya milimita 13 pale anapofunga plagi.

Waya huu una kikomo chake. Kutoka chombo kimoja hadi kingine usizidi mita 100, nazo hugawanywa hivi: mita 90 za waya wa ukutani na mita 10 za nyaya fupi za mezani. Waya wa ukutani una shaba nzima, kila uzi ni mmoja. Huu ni bora kwa safari ndefu, lakini hautaki kukunjwa-kunjwa. Waya wa mezani una nyuzi nyingi laini, kwa hiyo hustahimili kusogezwa kila siku.

Jihadharini na waya wa bei rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, huo si shaba kamili. Hukatika upesi, na haufai kuzikwa ukutani.

ZANA

Tulikuwa na tindo na nyundo, keekee ya umeme, msumeno wa chuma, tupa, mabomba ya plastiki ya milimita 20, waya mgumu wa kuvutia, koleo la kubania plagi, testa ya umeme, miwani ya kukinga macho, na kipimio kidogo chenye taa nane. Kipimio hicho kina vipande viwili. Kimoja huchomekwa mwisho huu wa waya na kingine mwisho wa pili, kisha taa huwaka moja baada ya moja, ya kwanza hata ya nane. Taa isipowaka, uzi wa namba hiyo umekatika au haukubanwa vizuri.

KAZI KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kutazama. Mjomba hakugusa tindo mpaka amezunguka nyumba nzima na kuchora ramani yake katika daftari. Alitazama kila swichi na kila soketi, kwani bomba la umeme kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka hapo, au huenda kando kwa usawa. Kwa hiyo usichimbe juu, chini wala kando ya swichi au soketi. Lakini si mafundi wote hufuata kanuni hiyo. Wengine hupitisha bomba mshazari ili wapunguze urefu. Basi zima swichi kuu ya nyumba, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, ndipo uchimbe. Mkiwa na keekee ya umeme, vuteni umeme wake kutoka nje ya nyumba hiyo, wala msiwashe swichi kuu kwa ajili yake.

Hatua ya pili ni kuchagua njia. Njia nzuri katika nyumba zetu ni kupanda ukutani, kupita juu ya dari, na kushuka katika chumba kinachotakiwa. Juu ya dari kanyaga mbao tu. Ukikanyaga ubao mwembamba wa dari utashukia sebuleni. Usipitishe waya wa mtandao katika bomba moja na waya wa umeme. Kwanza kuna yale makelele niliyoyaeleza. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ganda la waya wa umeme likichubuka, umeme waweza kuingia katika waya wa mtandao na kumfikia mtu aliyekaa mezani. Nyaya hizi zikienda sambamba, mjomba huacha kiasi cha futi moja baina yake. Zikilazimika kukutana, basi zikatane msalaba.

Hatua ya tatu ni kuchimba mfereji. Mfereji uwe wima, na kina chake kitoshe bomba kufunikwa na lipu tu. Mfereji mrefu wa kulala huupunguzia ukuta nguvu. Linta na nguzo zisikatwe kamwe.

Hatua ya nne ni kuweka bomba. Wengine huuzika waya mtupu ndani ya saruji. Huo ni uvivu, maana siku waya ukiharibika hapana budi kuvunja ukuta wote. Waya ulio ndani ya bomba huweza kutolewa na kuingizwa mwingine. Bomba likikatwa kwa msumeno huacha makali ndani ya mdomo wake. Makali hayo yaondolewe kwa tupa. Na pale linapopinda, lipindwe kwa upana. Kanuni ni kwamba mpindo wa waya usiwe mkali kuliko mara nne ya unene wake. Waya wa milimita 6, kwa mfano, upinde kama unazunguka duara ambalo nusu kipenyo chake ni milimita 24 au zaidi.

Hatua ya tano ni kuvuta. Watu wawe wawili: mmoja anasukuma kwa upole na mwingine anavuta. Nguvu ya kuvuta isizidi ile ya kuinua uzito wa kilo 11. Waya ukikwama, acha, rudisha nyuma, tafuta sababu. Acha pia ziada kidogo kila mwisho.

Hatua ya sita ni kufunga plagi. Utaratibu mmoja uliozoeleka ni huu, kuanzia namba 1: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Uwe huo huo katika miisho yote miwili.

Hatua ya saba ni kupima. Hatua ya nane ni kuziba kwa lipu. Tafadhali msomaji, usizigeuze hatua hizi mbili. Mimi nilizigeuza.

KOSA LANGU

Siku ya pili ya kazi, mjomba aliitwa na mteja mwingine. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Mjomba, vuta, funga, pima, ndipo uzibe. Umesikia?" Nikajibu, "Nimesikia, mjomba." (Mjomba wangu na mimi huitana hivyo sote wawili.)

Bomba la chumba cha nyuma nilikuwa nimeliweka mwenyewe. Pale linapogeuka chini ya dari sikulipinda kwa upana, bali nilitia kiwiko kifupi, maana kilikuwa rahisi. Tena sikupitisha tupa kwenye mdomo wa bomba. Yule dada alinisaidia kusukuma waya, nami nilivuta. Waya ulipofika kwenye kiwiko ulikwama. Badala ya kurudisha nyuma, nilijizungushia mkononi nikavuta kwa mikono miwili. Nikasikia mlio mdogo, kisha waya ukaja.

Sasa saruji niliyoichanganya mapema ilianza kukauka kwenye karai. Nikajiambia, nitaziba kwanza saruji isiharibike, kisha nitapima. Nikaziba, nikalainisha, ukuta ukapendeza. Mjomba aliporudi aliutazama akafurahi. Akauliza, "Umepima?" Nikasema, "Nimepima." Sijui kwa nini nilisema hivyo, neno lilitoka kabla sijalifikiri.

Tukaunganisha ruta na kompyuta, na mtandao ukaja. Yule dada alifungua kipindi chake, picha na sauti vikawa safi kabisa. Bibi akatuletea chai na maandazi. Mjomba alipokwenda kunawa, nilichomoa ule waya nikachomeka kipimio, ili angalau nipime kweli. Taa ya kwanza hata ya sita ziliwaka. Ya saba haikuwaka. Ya nane ikawaka.

Mtauliza, imekuwaje basi mtandao ukafanya kazi? Sababu ni hii. Ruta ya bibi ilikuwa ya aina inayopitisha megabiti 100 kwa sekunde katika waya. Kwa mwendo huo hutumika jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, yaani namba 1, 2, 3 na 6. Jozi ya kahawia, namba 7 na 8, hukaa bure. Lakini mwendo wa megabiti 1000 hutaka jozi zote nne zikiwa nzima. Kwa hiyo bibi asingejua lolote mpaka siku atakapoleta ruta bora. Nami nilijua kwamba hangejua. Nikauchomeka waya mahali pake, nikatia kipimio mfukoni, nikanyamaza.

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Alfajiri nilimkuta mjomba uani anapiga mswaki, nikamwamkia, nikamweleza yote: kiwiko, mlio, saruji, na ule uongo. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Siku moja fundi mwingine atafika pale, ataona taa ya saba haiwaki, naye atauliza nani alipitisha waya huu. Bibi atalitaja jina langu. Kuharibu waya, kila fundi ameharibu. Lakini uliponiambia umepima, ulinifanya mimi nimdanganye bibi pasipo kujua." Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

Tulirudi asubuhi ile ile. Mjomba alinitanguliza mbele niseme mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmesahau zana?"

Nikamwambia habari yote. Bibi aliutazama ukuta wake, ambao rangi yake ya zamani ilikuwa imeanza kulingana na lipu mpya, akashusha pumzi. Akasema, "Nimefunga vidonda miaka mingi. Kidonda kikifungwa na uchafu ndani hupona juu tu. Haya, fungueni."

KUREKEBISHA

Mjomba hakukimbilia tindo. Kwanza alikata plagi zote mbili akafunga mpya, maana mara nyingi kosa huwa kwenye plagi. Taa ya saba ikabaki giza. Ndipo tukajua kwamba uzi umekatika ndani. Nikamwonyesha pale niliposikia mlio. Baada ya kuzima swichi kuu na kupima kwa testa, tulivunja lipu kiasi cha shibiri moja na nusu tu, kwa kuwa waya ulikuwa ndani ya bomba. Tulikuta ganda limechanwa na mdomo wa bomba nisioutia tupa, na ule uzi mweupe wenye mstari wa kahawia umekatika.

Tulitoa kiwiko, tukaweka bomba lililopindwa kwa upana, tukasugua midomo yake. Waya mbovu haukutupwa papo hapo: tulifunga mkia wake kwenye waya mpya, na ulipovutwa kutoka ukatuletea mwenzake mpaka mwisho, mita 23. Mjomba alisukuma nami nikavuta kwa vidole. Tukafunga plagi, tukapima. Taa zote nane ziliwaka. Mjomba akaniambia nipime tena, nikapima. Ndipo tukachanganya saruji.

Bei ya waya mpya ilikatwa katika ujira wangu, nami naona ni haki.

KWA WENZANGU NA WAZAZI

Tutakapoanza kazi ya maktaba, nawaomba wenzangu wa Chama cha Sayansi tuandike katika daftari namba ya kila waya, urefu wake, na jina la aliyeupima. Asiyepima asitie jina. Saruji nayo isichanganywe mpaka jina limeandikwa. Kwa njia hiyo hapatakuwa na karai la kumharakisha mtu.

Wazazi wanaojenga nawaomba waweke mabomba matupu ya mtandao kabla ya kupiga lipu, kutoka sebuleni hadi kila chumba, na waache ndani yake kamba ya kuvutia. Bei ya bomba tupu ni ndogo, na kuvunja ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni hasara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba kabla ya kutazama, nikaubomoa ukuta wa watu. Yule dada alifanya mtihani wake chumbani mwake mlango ukiwa umefungwa, na mjomba ameniandikia kwamba bibi amemwita tena, apitishe waya wa pili.